Mti wa Karatasi wa Shiheng

Mgeni alifika kijiji cha Heishigou siku ambayo mtu mwenye akili zake asingetoka nje. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri, basi la kutoka mjini lilikuwa limeishia darajani, na mbwa wa kijiji walikuwa wamejikunyata hata kubweka hawataki. Niu Yuexian alikuwa uani akipanga mikate ya mtama juu ya ungo ili baridi iigandishe. Aliinua kichwa akaona kitu chekundu kikipanda njia, kikiteleza, kikisimama, kikiteleza tena.

"Kaka!" aliita. "Njoo uone. Kuna mtu anakuja, au kuna koti linakuja peke yake."

Kaka yake, Niu Baolin, alichungulia dirishani na kikombe cha chai mkononi. "Ni koti," alisema. "Mtu angebaki mjini."

Ndani ya koti palikuwa na msichana mwembamba, miwani imejaa ukungu, kope zimekuwa nyeupe kwa barafu. Alisema anaitwa Shen Keqing, ametoka chuo kikuu kimoja cha kusini, na anaitafuta nyumba ya mzee Lang Jingfu.

"Umeshaipita," Yuexian alimwambia. "Ni ile pale chini yenye mti mkavu wa mapeasi. Lakini ingia kwanza upate joto. Ukifika kwake umeshakufa hatakufungulia."

Walimkalisha juu ya kitanda cha udongo, mahali moto wa chini unapopashia vizuri, wakampa chai, sahani ya kabichi iliyochachuliwa na nyingine ya mapeasi yaliyogandishwa. Mke wa Baolin alikuwa mjini akilea mjukuu, kwa hiyo nyumba ilikuwa na watu wawili tu waliochokana kimya kimya, na mgeni alikuwa neema. Baolin hakumpa hata nafasi ya kumeza.

"Haya, mwalimu. Umefuata nini huku porini?"

"Mate," alisema msichana.

"Nini?"

"Mate ya wanaume." Mashavu yake yalizidi kuwa mekundu. "Kidogo tu. Napitisha kijiti cha pamba ndani ya shavu, basi."

Baolin alicheka mpaka akakohoa. "Miaka yote hii mke wangu ananigombeza nisiteme uani, kumbe kuna watu wanayafuata kwa basi!"

Msichana naye akacheka, kisha akaeleza, na alipoanza kueleza aibu ilimtoka. Alisema baba humwachia kila mtoto wa kiume alama fulani ndani ya mwili, ileile aliyoachiwa na baba yake. Binti haipati. Katika kunakiliwa huko, mara mojamoja hutokea kosa dogo, na kosa hilo nalo linarithiwa na watoto na wajukuu. Ukiyafuata makosa hayo unaweza kurudi nyuma, baba kwa baba, mpaka kwa mtu mmoja. Yeye na wenzake walikuwa wamekuta wanaume wengi, kutoka nyika za Mongolia hadi kwenye pwani ya bahari, wenye alama zinazofanana mno, kana kwamba wote walitoka kwa baba mmoja aliyeishi karne chache tu zilizopita. Walitaka kujua baba huyo alikuwa wa ukoo gani.

"Nimeambiwa huku wapo watu wa ukoo wa Niohuru," alimalizia.

"Wapo? Umekalia kitanda chao," Baolin alisema akijikalisha vizuri. "Sisi na wale wa chini. Ufalme ulipoanguka kila mtu alijichagulia jina fupi la Kichina asije akapigwa njiani. Wale wakajiita Lang, babu yetu akajiita Niu. Majina mawili, damu moja. Hata makaburi yetu ni kilima kimoja. Na ndiyo maana mpaka leo Lang haoi kwa Niu. Mtu haoi kwao."

Yuexian alisimama. Alisema anakwenda kuleta mapeasi yaliyogandishwa, ingawa sahani ya mapeasi ilikuwa pale pale mbele ya mgeni.

*

Lang Jingfu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Shiheng. Alikuwa kijana mrefu asiyejua kutembea bila kupiga mbinja, na aliweza kupiga wimbo mzima kwa vijiko viwili na paja lake. Yeye na Yuexian walikua pamoja wakiitana kaka na dada, kama desturi ilivyotaka. Walipofika umri wa kuacha kuitana hivyo, hawakuwa na jina jingine la kuitana, wakawa hawaitani kabisa. Ndivyo watu walivyogundua.

Mzee Lang hakumpiga mwanawe. Ingekuwa afadhali angempiga. Alikwenda mpaka nyumbani kwa akina Niu, akamkuta Yuexian akipepeta mahindi, akamwambia machozi yakimtoka: "Ungekuwa binti wa mtu mwingine yeyote, ningekwenda kwa baba yako kwa magoti. Lakini siwezi kuiozesha damu yangu kwa damu yangu."

Shiheng aliondoka kwenda kukata magogo kaskazini. Katika baridi ya pili mti ulimwangukia. Walimrudisha kwa lori, wakamzika mwishoni kabisa mwa safu, mahali pa watu waliokufa bila mke wala mtoto.

Yuexian baadaye aliolewa na mfyatua matofali wa bonde la pili, mtu mwema asiye na maneno mengi. Mapafu yalipomwua, hakuwa amemwachia mtoto, naye akarudi kuishi katika chumba cha nyuma cha kaka yake. Tangu hapo, kila adhuhuri, alimpelekea mzee Lang chakula, maana mzee naye alikuwa amebaki peke yake. Wakati mzee akila, walizungumza juu ya Shiheng. Alivyoanguka kisimani akatoka na ndoo kichwani. Alivyomwibia mwalimu kofia. Hadithi zilikuwa zile zile, nao walizirudia bila kuchoka, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyekumbuka sauti yake.

Na kila mwaka, siku ya kufagia makaburi, Yuexian alimpandia mti wa karatasi.

Mti huo ni kijiti kilichofungwa vipande virefu vya karatasi, vyekundu, vya manjano, vya kijani, vya buluu, na ua kubwa juu yake. Kaburi lenye mti linasema: huyu ana watu. Kwa hiyo kaburi la mtu asiye na mtoto huachwa tupu, na hakuna anayeona vibaya. Lakini mwaka mmoja kabla mambo hayajaharibika, Yuexian na Shiheng walitumwa pamoja kilimani na miti ya nyumba zao. Shiheng alisimama mbele ya kaburi tupu la mjomba fulani aliyekufa kapera.

"Mimi nitakuwa hivi," alisema. "Nikikukosa wewe, sioi."

"Acha ujinga."

"Sasa nani atanipandia mti?"

"Nitakupandia mimi. Wa rangi zote, mkubwa, mpaka uone aibu."

Alicheka, akapiga mbinja, wakashuka. Hayo tu ndiyo yaliyosemwa. Watu wa Lang mwanzoni walinung'unika kuona mti kwenye kaburi la kapera. Kisha wakazoea. Yuexian alikuwa binti wa ukoo, na dada anaweza kumfanyia kaka yake jambo kama hilo, akina mama walisema, mradi mkono ni wa ukoo.

*

Theluji ilipotulia, Yuexian alimpeleka mgeni kwa mzee Lang. Mzee alisikiliza maelezo yote akiwa ameketi kitandani, blanketi magotini.

"Damu yangu wamepima," alisema. "Mkojo wamepima. Kifua wamekipiga picha. Sikujua kama mate nayo yana kazi." Kisha akamtazama msichana kwa jicho lake moja zima. "Nitakupa. Baolin naye atakupa. Lakini utarudi wewe mwenyewe kuniambia. Usinitumie mtu."

"Nitarudi, mzee."

"Kabla ya siku ya makaburi."

"Kabla ya siku ya makaburi."

"Na utasema mbele ya nyumba zote mbili kwamba sisi ni kitu kimoja."

"Nitasema nitakachokuta, mzee," alisema Shen Keqing kwa sauti ndogo.

Mzee alifungua kinywa, akaacha apitishiwe kijiti. Yuexian aliona alivyomkazia msichana lile jicho, akafahamu jambo ambalo hakuwahi kulifahamu kwa miaka yote ya kumpelekea chakula. Mzee hakutaka sifa ya ukoo. Alitaka mtu aliyesoma aje amwambie kwamba siku ile, alipotoka kwake analia kwenda kwa akina Niu, hakuwa na njia nyingine.

*

Msichana alirudi barafu ya mto ikianza kupasuka na njia zote zikiwa matope. Safari hii alilibeba koti jekundu mkononi. Yuexian alikuwa kwa mzee, amekunja miguu kitandani, amezungukwa na karatasi za rangi, anakata vipande vya miti ya mwaka huo. Baolin aliitwa. Shen Keqing alikataa chai.

"Naomba nizungumze na kila mmoja peke yake," alisema.

"Mbele ya wote," alisema mzee. "Tulipatana."

"Mzee, ni haki yako kusikia yako bila..."

"Mwanangu, watu wa ukoo mmoja hawafungiani milango. Sema."

Basi akasema. Alimwambia mzee Lang kwamba alama yake ni ile ile waliyokuwa wakiitafuta, kwamba yeye ni mmoja wa watoto wa yule baba mmoja wa zamani, pamoja na wanaume wa mbali ambao hatawaona kamwe. Uso wa mzee ukang'aa kama wa mtoto.

"Umesikia, Baolin? Haya, na Baolin?"

Msichana alilikunja koti lake. "Ya Baolin ni nyingine."

"Nyingine namna gani?"

"Haikaribiani nayo. Baba yenu wa pamoja, kwa upande wa wanaume, aliishi maelfu ya miaka iliyopita. Kabla ya Lang. Kabla ya Niu, kabla ya Niohuru yenyewe."

"Pima tena," alisema Baolin.

"Nimepima tena, kaka. Mimi mwenyewe. Niliomba iwe nimekosea."

"Kwa hiyo sisi ni akina nani? Ni wezi wa jina?"

"Sijui. Labda babu yenu aliokotwa akalelewa humo. Labda alikuwa mtumishi wao, wakampa jina. Mambo hayo yalikuwepo. Kipimo kinaonyesha nani alimzaa nani. Nani alimpenda nani hakijui."

Mkasi wa Yuexian uliendelea kukata. Alikata kipande chekundu, akakiweka, akachukua cha manjano. Aliogopa kwamba mkono ukisimama, kila kitu kingesimama.

Mzee Lang alikuwa akiutazama ukuta. "Kwa hiyo mwaka ule," alianza. Akajaribu tena. "Kwa hiyo wale watoto..."

Shen Keqing aliwatazama mmoja baada ya mwingine bila kuelewa. Baolin ndiye aliyemweleza, barabarani, walipokuwa wakimsindikiza kwenye basi, na alimweleza kwa ukali kama anayerusha mawe. Msichana alisimama katikati ya matope akalia waziwazi. Yuexian akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

"Ningejua, dada," msichana alisema. "Ningejua..."

"Ungejua ungenyamaza?"

Alifikiri kweli kweli, maana alikuwa mtu wa namna hiyo. "Sijui," alisema mwishowe.

"Mimi nami sijui. Panda basi, mwanangu, litakuacha."

*

Kesho yake adhuhuri Yuexian alikwenda na supu ya kabichi na mikate ya mtama. Mzee hakugusa kitu.

"Mwaka huu usimpandie," alisema.

Yuexian alijitia hakusikia. Alipuliza supu.

"Yuexian. Nimesema usipande."

"Kwa nini, Ba'mkubwa?"

"Utapanda kama nani? Dada yake si wewe. Imeshajulikana, na Baolin hana mdomo wa kufunga, kijiji kizima kinajua. Basi utapanda kama mke. Ukipanda kama mke, kila anayepita pale ataona. Huyu alikuwa na mke. Baba yake alimnyima mkewe akamtuma kufa, kwa sababu ambayo haikuwepo." Alinyoosha kidole dirishani. Kilima kilikuwa pale, chenye nyasi za mwaka jana. "Ile miti yako ni mikubwa, mwanangu. Nikilala hapa naiona. Miaka yote nimekuwa nikiitazama nikijiambia, dada yake amemkumbuka. Sasa nitajiambia nini?"

"Wewe hukujua. Hakuna aliyejua."

"Yeye alijua. Aliniambia: Baba, mimi na yeye hatufanani hata kidole. Nikamwambia anyamaze."

Hadithi hiyo Yuexian hakuwahi kuisikia. Miaka yote ya adhuhuri mzee alikuwa ameificha. Alitaka kumshika mkono, lakini mzee aliuvuta.

"Ukipanda, chakula usiniletee tena. Sikufukuzi kwa hasira. Sitaweza kukutazama, basi."

"Ba'mkubwa."

"Wala usiniite hivyo. Mimi si ba'mkubwa wako."

Nyumbani, Baolin alimkuta amekaa gizani jikoni bila kuwasha moto. Alikuwa mtu wa makelele, lakini siku hiyo alichuchumaa mbele ya dada yake akazungumza polepole.

"Mwache mzee. Amebakiza siku chache. Mti ni karatasi tu, na Shiheng hajui kitu."

"Nilimwambia nitampandia."

"Ulikuwa mtoto."

"Ndiyo. Na yeye alikuwa mtoto."

"Na huyu je? Umemlisha kama baba yako mzazi. Utamwacha afe peke yake kwa ajili ya kijiti?"

Yuexian alijua kaka yake hakukosea. Usiwe mti mwaka huu mmoja tu, alijiambia, na adhuhuri zitaendelea, na vijiko, na ndoo ya kisimani. Kisha akaliona lile kaburi tupu la kapera, na kijana mrefu amesimama mbele yake, akiuliza kwa mzaha kitu ambacho hakikuwa mzaha. Baba yake alimwambia anyamaze. Ukoo ulimwambia aondoke. Katika watu wote aliowahi kuwaomba kitu, ni mmoja tu aliyemjibu ndiyo.

*

Siku ya makaburi aliamka akapika, akaweka supu kwenye sufuria yenye mfuniko, akatia chai moto kwenye chupa, akauchukua mti. Alipitia kwanza kwa mzee. Alimkuta ameketi dirishani, amevaa nguo zake nzuri za buluu, ingawa miguu haikuweza tena kumpandisha kilimani.

Mzee aliutazama mti aliokuwa ameubeba begani. Ulikuwa mkubwa kuliko wa mwaka wowote.

"Unakwenda," alisema kupitia kioo.

"Nakwenda."

"Haya."

Alivuta pazia. Yuexian alingoja kidogo. Kizingitini palikuwa na bakuli zake zote, zimeoshwa, zimefunikwa kifudifudi moja juu ya nyingine, hata ile yenye ufa ambayo alikuwa ameisahau tangu sikukuu. Mzee alikuwa amezipanga kabla hata Yuexian hajafika. Yuexian aliweka sufuria ya supu kando ya bakuli hivyo hivyo, ikiwa imefunikwa, akapanda.

Kilimani watu walikuwa wengi, na walipomwona walimpisha njia. Mke wa mpwa wa mzee Lang, mama mnene mwenye huruma, alimsogelea akasita.

"Dada," alisema. "Au... jamani, siku hizi nikuite nani?"

"Niite Yuexian."

"Watu watasema, Yuexian."

"Najua. Nishikie hii chupa."

Alitembea mpaka mwisho wa safu. Udongo ulikuwa bado umeganda chini ya nyasi, kijiti kiligoma kuingia. Alichukua chupa, akamwaga chai moto kidogo kidogo mahali pamoja mpaka ardhi ikalainika na kutoa mvuke. Akasukuma kijiti kwa viganja vyote viwili, akakikandamizia udongo, akakitingisha kuona kama kimeshika. Alikunjua karatasi moja moja. Nyekundu, njano, kijani, buluu. Upepo ukazipokea zote kwa pamoja zikaanza kulia kama moto wa nyasi.

Chini bondeni, pazia lilikuwa bado limefungwa. Yuexian aliligeuzia mgongo. Alipiga magoti, akaondoa majani yaliyokufa juu ya kaburi, akaziweka sawa karatasi zilizosokotana.

"Haya," alimwambia Shiheng. "Ona aibu."